Kalenda Nyuma ya Mlango

Beni, tarehe 9 Juni 2024

Kwako Shangazi Sikitu,

Assalaam alaykum. Nakusalimia wewe pamoja na magoti yako, ambayo Jamali anasema yanakugombeza kila asubuhi ukipanda kwenda sokoni. Sisi huku tunapumua. Mume wangu Shafii yuko Kamango tangu Jumatatu kutafuta kakao, na njia imeharibika hivi kwamba watu wanabeba pikipiki badala ya kubebwa nazo. Mwamini ana mitihani. Ametimiza miaka tisa na anajibu watu kama wewe. Mama mkwe ni mzima. Sauti yake ndiyo inayotuamsha.

Utajiuliza kwa nini ninaandika na simu zipo. Simu yangu ilianguka kwenye karai la maji, na tangu siku ile haisikiki sikioni, inasikika kwa haut-parleur tu, ile spika ya nje. Kila utakachoniambia kitasikilizwa na ua mzima. Kwa hiyo nitaandika, na binamu yetu Jamali atabeba kwenye Fuso yake. Hana udadisi wa kufungua bahasha, na akifungua hataweza kuusoma mwandiko wangu.

Sasa jambo lenyewe. Tumbo limerudi. Linakaza chini, upande wa kushoto, kama mtu anayekamua blanketi, na nikienda chooni ninashika ukuta. Mwaka huu nimepimwa choo mara tatu. Mara tatu wameandika hakuna kitu, na mara tatu wamenipa dawa ya amiba kwa ajili ya kile kitu ambacho hakipo. Mwaka jana waliniambia typhoid, mwaka juzi bawasiri. Nimemeza vidonge hadi Mwamini anaviita chakula cha mama.

Mama mkwe ana jibu lake. Juzi alimwambia jirani, mimi nikiwa nyuma ya ukuta: "Ule mwanamuke, siku ya kufua nguo njo tumbo inamushikaka." Nimechoka hata kukasirika, Shangazi.

Kuna kingine ambacho sijamwambia mtu. Ninatoa damu kule nyuma. Si kila siku. Inakuja, inakaa siku tatu au nne, inapotea. Tangu mama afariki nikiwa na miaka kumi na miwili nililelewa kwako, na wewe ndiye uliyenifundisha yote ya mwili wa mwanamke. Basi nakuuliza wewe. Umewahi kusikia mwanamke mwenye jambo hili? Katika ukoo wetu yupo?

Mwanao,
Rachida


Butembo, 3 Julai 2024

Rachida mwanangu,

Alaykum salaam. Barua yako nimeipata, inanuka makayabu ya Jamali, wale samaki wake wa chumvi.

Magoti yangu hayakuhusu. Biashara ya vitenge imelala. Watu wanagusa, wanauliza, wanarudisha. Nyumbani nimepokea familia mbili zilizokimbia vita vya kusini, tuko watu kumi na mmoja kwenye vyumba vitatu, na kuna bibi mmoja anayekoroma kama jenereta. Ni mtu mzuri lakini.

Kuhusu tumbo, acha maharage, acha pilipili, kunywa maji ya moto. Jamali atakupa majani niliyofunga kwenye gazeti. Chemsha, kunywa kabla ya kula kitu. Na huyo mama mkwe wako, msikilize kwa sikio moja.

Ukienda tena hospitali, kumbuka nilivyokufundisha. Usijipeleke mbele ya daktari ukiwa kwenye siku zako. Ngoja ziishe, koga josho lako, vaa nguo safi, ndipo uende. Mtu anatunza heshima yake hata akiwa mgonjwa.

Yale mengine uliyoandika si ya kuandikwa. Jamali anaweza kujifunza kusoma.

Shangazi yako,
Sikitu


Beni, 18 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Msalimie bibi anayekoroma. Mwamini amefaulu, wa nne katika darasa, na anataka uambiwe kwamba wa tatu aliiba. Shafii amerudi na malaria, analala mchana, lakini anakula vizuri. Majani yako nimeyanywa wiki mbili. Ni machungu kabisa. Asante.

Nimekwenda hospitali, nikiwa nimeoga kama ulivyosema. Safari hii nilipelekwa kwa Daktari Mukendi, mtu wa Kasai aliyetumwa huku na serikali. Anatafuta maneno ya Kiswahili kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, lakini ana subira. Alinipima kwa ekografi, ile mashine ya picha za tumbo, muda mrefu, akanipima tena. Kisha akasema: "Mama, iko kitu ku utumbo, chini kabisa. Inaanza kufunga njia. Itaomba kukata."

Nikamuuliza kama ni kansa. Akasema: "Hapana najua. Mpaka tufungue."

Atakata kipande cha utumbo, Shangazi. Baada ya hapo choo kitatoka tumboni, ubavuni hapa, kiingie kwenye mfuko. Labda miezi, labda maisha. Nilikaa pale nikiwaza jambo la kijinga: nitasalije na mfuko wa namna hiyo? Najua masheikh wana majibu yao. Mimi sitaki majibu yao. Nina miaka thelathini, nataka mwili wangu ukae kama ulivyo. Naogopa. Nimeandika sasa, naogopa.

Alinipa nichague siku, kati ya wiki ya kwanza na ya pili ya Oktoba. Basi nikafanya ulivyonifundisha, nikaenda kwenye kalenda yangu kutafuta siku safi. Unajua kalenda ile, ninayoitundika nyuma ya mlango wa chumba na kutia nukta nyekundu kwenye siku nisizosali, ili Ramadhani ikipita nijue nilipe siku ngapi. Kadi ya hospitali nilikuwa nayo mkononi. Nikaona kitu, nikakaa chini.

Kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi iko siku mbili au tatu baada ya nukta ya mwisho. Kila moja. Nikafungua sanduku, nikatoa kalenda za miaka mitatu ya nyuma, maana sijui kutupa vitu. Ni vilevile. Halafu nikaanza kukumbuka ile damu ya nyuma. Ile ya siku ya harusi ya jirani yetu Solange, ndani ya nukta. Ile iliyonishika njiani tukitoka Kamango, ndani ya nukta. Haijawahi kutoka nje ya nukta hata mara moja.

Unaelewa, Shangazi? Miaka yote nimekuwa nikiwaita waje kuona nyumba baada ya moto kuzimwa na majivu kufagiwa. Ndiyo maana hawaoni kitu. Na sasa daktari anataka kukata kitu asichokijua.

Nimwambie? Ni mwanaume. Nijibu upesi, tafadhali.

Rachida


Beni, 22 Septemba 2024

Shangazi,

Salaam. Jamali amekuja mara mbili bila kitu. Mara ya kwanza alisema ulikuwa na wateja. Mara ya pili alisema ulikuwa unasali, na alipongoja, ukaendelea kusali. Sala gani hiyo, Shangazi, yenye rakaa nyingi kuliko Tarawehe?

Sikungoja. Nimemwambia daktari. Nilimpelekea kalenda zote nne zimefungwa kwenye kitambaa, nikaziweka mezani, nikaangalia dirishani mpaka akamaliza kuzisoma. Akaweka kalamu chini.

"Mais mama, juu ya nini haukunisemea?"

"Haukuniuliza, docteur."

Akacheka kidogo, si kwa furaha. Akasema ni kweli, aliniuliza choo changu kiko namna gani, hakuniuliza ni siku gani. Akasema huenda si ugonjwa wa utumbo, huenda ni ugonjwa wa kizazi uliohamia kwenye utumbo. Yeye si mtu wa kazi hiyo. Ila Butembo kuna daktari mwanamke anayeitwa Émérance, aliyeisomea. Operesheni ameisogeza hadi katikati ya Novemba. Kama Daktari Émérance hataona kitu tofauti, atanikata, kwa sababu njia inazidi kufunga.

Sharti ni moja. Nipimwe nikiwa kwenye siku zenyewe, kile kitu kikiwa kimevimba. Kwa hesabu yangu ni tarehe nane au tisa Oktoba. Nitakuja na Jamali, nilale kwako usiku mmoja au mbili. Wewe ndiye uliyenifundisha kuficha, Shangazi. Siandiki hivyo kwa ubaya. Ninaomba tu unishike mkono nikifanya kinyume.

Rachida


Butembo, 30 Septemba 2024

Rachida,

Salaam. Nyumba imejaa. Mvua imebomoa ukuta wa choo. Barabara si nzuri, watu wanaikimbia. Huu si wakati wa kusafiri.

Ukitaka kuja, njoo ukishaoga. Daktari aliyesoma kweli anaweza kuona hata hivyo. Mtu haendi mbele ya wageni katika hali ile, wanaume kwa wanawake kwenye benchi moja. Mimi siwezi kukusindikiza katika hali ile. Usiniombe.

Mwamini nimemtumia kitenge cha sare ya Idi, ingawa Idi iko mbali.

Sikitu


Beni, 27 Oktoba 2024

Shangazi Sikitu,

Assalaam alaykum. Tulifika salama, Alhamdulillahi. Barabara ilifungwa, tukalala njiani siku moja, lakini hakuna baya lililotupata. Mwamini alikivaa kitenge chako siku hiyohiyo kilipofika, hakuisubiri Idi. Ukuta wa choo chako umesimama wima, niliutazama vizuri.

Nakushukuru kwa kunifungulia mlango, na kwa kunipeleka hadi langoni kwa daktari ingawa ulisema hutakwenda. Uliniwekea kwenye mfuko kitenge cheusi kilichokunjwa mara nne. Hukusema ni cha nini. Nilikikalia, na nilipoinuka kiti kilikuwa safi. Nilipotoka hukuwepo tena. Nilikukuta nyumbani unapika, ukanipakulia, ukaniuliza kama chumvi imetosha. Asubuhi Jamali alipiga honi nikaondoka. Hatukuzungumza. Kwa hiyo sasa nakuandikia yaliyotokea upande wa pili wa lango.

Daktari Émérance ni mwanamke mfupi kutoka Kisangani, anavaa ndala za mpira. Aliniuliza: "Uko na siku zako leo?"

"Ndiyo. Munisamehe, docteur."

"Nakusamehea nini? Leo njo siku nilikuwa nakungoja."

Shangazi, hapo nililia. Hajanigusa bado, nalia. Miaka kumi na saba nimejificha kwa ajili ya siku hizo, na mtu anasema alikuwa anazingoja.

Alinipima kwa mkono kwanza. Nyuma ya kizazi, pale kinapokutana na utumbo, alibonyeza kwa kidole, na maumivu yote ninayoyajua yakaja kwa mara moja. Nikaita jina lako kwa sauti. Sijui kama lilifika langoni. Akasema, "Pole, mama. Nimeiona." Akapima kwa ekografi ya ndani, akageuza kile kioo, akanionyesha doa jeusi limegandamana na utumbo.

Alinieleza taratibu. Kuna nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi. Kwangu imeota mahali pasipo pake, imekaa kwenye utumbo. Mwezi ukifika, ile ya ndani inatoa damu, na hii nayo inatoa damu, inavimba, inauma, kisha inaacha kovu. Mwaka hadi mwaka kovu linabana utumbo. Ndiyo maana choo kinauma siku zile. Ndiyo maana damu inafuata nukta. Aliliandika jina lake kwa herufi kubwa kwenye karatasi: ENDOMÉTRIOSE. Nimeikunja, nimeiweka kwenye msahafu. Si amiba, si uvivu. Nikifua nguo sasa ninalitamka kimoyomoyo.

Lakini hajamaliza. Kuapa hawezi mpaka aone ndani kwa kamera, na kamera hiyo hapa haipo. Amenichoma sindano, ileile ya uzazi wa mpango, ya miezi mitatu. Inazima damu ya mwezi, na kama ugonjwa ni huu, ile ya nyuma itazimika pia na uvimbe utanywea. Amemwandikia Daktari Mukendi, wamekubaliana. Sindano mbili, halafu ekografi mwezi wa pili. Uvimbe ukipungua, sikatwi. Ukikua, nakatwa, na mfuko juu.

Aliuliza jambo moja nililoshindwa kujibu. "Mu famille, kuko mwanamuke mwengine alikuwa na mateso ya vile? Mama, shangazi, dada?" Alisema mara nyingi inafuata damu, na akijua atakuwa na uhakika zaidi. Nikamwambia mama alikufa mapema, nitamuuliza shangazi. Ni swali lilelile la mwezi wa sita, ila sasa si langu peke yangu.

Nangoja.

Rachida


Beni, 15 Desemba 2024

Shangazi, salaam. Tunasikia mambo ya vita kule Alimbongo, na kwamba watu wanazidi kumiminika Butembo. Niambie tu kama uko mzima. Damu inakuja kidogokidogo, matone, daktari alisema itakuwa hivyo mwanzoni. Tumbo bado linauma. Sijui kama dawa inafanya kazi au ninajidanganya. Ninahesabu wiki. Kama hutaki kujibu lile swali, niandikie hata kuhusu magoti.

R.


Butembo, 19 Januari 2025

Rachida mwanangu,

Alaykum salaam. Niko mzima. Tulikuwa kumi na mmoja, sasa tuko kumi na tisa. Waliotoka Alimbongo wamefika na viazi vyao, hawakuleta kingine. Tunakula viazi. Bibi anayekoroma amepata mwenzake, wanapokezana. Magoti ni yaleyale.

Nimeanza barua hii mara nne. Hii ni ya tano, na karatasi zimeniishia, kwa hiyo nitaimaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikwenda dispensaire, nikiwa kwenye siku zangu, maana ndizo zilizonipeleka. Tulikaa kwenye benchi refu, la mbao, wanaume kwa wanawake. Tulikaa tangu saa moja hadi saa sita. Walipoita jina langu nikasimama, na benchi lilikuwa limelowa. Muuguzi hakunitukana. Aliita ndoo tu. "Mulete maji, huyu mama amechafua benchi." Watu wote wakasimama. Nikaegemea ukuta, nikatazama mahali nilipokuwa nimekaa pakisuguliwa kwa brashi na Omo. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavua koti lake, akanipa nijifunge kiunoni. Lile koti ndilo lililonimaliza. Kama wangecheka ningewatukana.

Nikarudi nyumbani bila kuonana na daktari. Sijaingia tena mahali pa namna hiyo. Nililokuwa nimekwenda kutibiwa, Rachida, ni tumbo. Na damu ya nyuma.

Nilikuwa nayo hadi miaka hamsini, ikakoma yenyewe. Marehemu mume wangu aliamini ni amiba, na amekufa akiamini hivyo. Watoto hawakuja. Watu walisema waliyosema, nami nikauza vitenge. Siku zile ulipokuwa kwangu, ukiniona nimelala mchana na mlango umefungwa, nilikuambia ninahesabu bidhaa.

Ulipofikisha miaka kumi na mitatu nikakufundisha uende kwa daktari ukishaoga. Sikukufundisha dini, dini haijasema hivyo. Sikukufundisha heshima pia. Nilikufundisha lile benchi, nikaliita heshima. Nilipopata barua yako ya kwanza, nikasoma ile mistari ya mwisho, nilijua. Nilikujibu habari za maharage. Ungeweza kukatwa tumbo kwa sababu ya maharage yangu. Nisamehe. Unajua siandiki neno hilo mara nyingi.

Siku ile langoni nilikusikia ukiniita. Ndiyo, lilifika. Nikaondoka mbio, kwa magoti haya.

Jumatano iliyopita nimemwachia Adèle, mwenzangu wa vitenge, meza yangu ya sokoni, nikaenda kwa yule daktari wako. Mabenchi hayapo, kuna viti vya plastiki vya buluu. Nikakaa. Nikangoja kama wengine. Nikamwambia: "Docteur, ile ulizo yako kwa Rachida, jibu ni ndiyo. Ni miye."

Akaandika. Kisha akaniuliza: "Na weye mama, nani alikuangaliaka?"

"Hakuna mutu."

Akaacha kuandika. Akanishika mkono, akakaa hivyo, na nje watu wakiwa wamejaa. Nikamwambia anachelewesha wagonjwa. Akasema na mimi ni mgonjwa.

Nimechoka sana leo. Mwambie Mwamini, yule wa tatu akiiba tena, aniambie.

Shangazi yako,
Sikitu


Beni, 3 Aprili 2025

Kwako Shangazi yangu Sikitu,

Assalaam alaykum, na Idi njema iliyopita. Barua yako imekaa siku nyingi kwenye Fuso, barabara ilifungwa tena, ikafika mwezi wa pili. Nimeisoma chooni, ndipo mahali pekee pasipo na watu. Kisha nikaisoma tena. Sina la kukusamehe ambalo sijasamehe, lakini kwa kuwa umeliandika neno, nami naliandika: nimekusamehe. Nilikasirika kwanza. Nilikasirika siku tatu nzima, nikamkaripia Mwamini bure, nikaunguza wali. Kisha nikakufikiria umeegemea ule ukuta na koti la mtu kiunoni, msichana wa miaka kumi na tisa, nikaacha.

Shafii ni mzima, ameuza kakao yake. Mwamini amekuwa mrefu, sare yake imemfika magotini.

Mwezi wa pili Daktari Mukendi amenipima. Damu ya nyuma imekoma tangu sindano ya pili. Uvimbe umenywea, si wote, lakini umenywea. Alisoma barua ya Daktari Émérance, aliyoiandika baada ya wewe kwenda, akachukua kadi yangu, akafuta neno opération kwa mstari mmoja, akafuta tena kwa mstari wa pili. "Nilikuwa nitakukata bure, mama," akasema. Akaomba abaki na kalenda moja, awaonyeshe wauguzi wake. Nimempa ya mwaka 2022.

Kwa hiyo sina mfuko. Maumivu yamepungua, hayakuisha. Kuna siku bado ninashika ukuta. Daktari anasema huenda miaka ijayo nitahitaji operesheni, lakini itafanywa na mtu anayejua anakata nini, na mahali hapo si hapa.

Sasa nikuchekeshe, kama utacheka. Ramadhani hii nimefunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja. Mara ya kwanza tangu nivunje ungo. Kama siku ya ishirini hivi nikaona mama mkwe ananifichia nyama ya futari. Akaninyang'anya ndoo kisimani. "Hapana inama, mama." Mama! Miaka kumi ananiita ule mwanamuke. Nikashangaa, kisha nikaelewa. Wanawake wa nyumba moja wanajua nani hafungi na ni siku zipi. Aliona sijala mchana hata siku moja, akapiga hesabu yake, akapata mjukuu.

Nilimwacha hivyo zaidi ya siku kumi, Shangazi. Nilikula ile nyama. Siku ya pili ya Idi nikamwambia mbele ya Shafii. Nikamwambia jina la ugonjwa, nikamwonyesha ile karatasi, nikamwambia sindano inayozima damu inazuia na mtoto, na tukiiacha kile kitu kitaamka. Alikwenda kisimani, akajaza ndoo, akaiweka chini mbele yangu, akaondoka. Shafii akasema Mwamini anatosha kwa sasa. Nimelisikia hilo "kwa sasa". Nalisikia mpaka leo.

Ndivyo tulivyo. Nimechoka, lakini ni uchovu wenye jina.

Kalenda ya mwaka huu nimeitundika mahali palepale. Haina nukta hata moja. Mwamini ameniuliza kwa nini ninaweka kalenda tupu nyuma ya mlango, nikamwambia ni yake, ninamtunzia. Mwaka huu au ujao siku yake itafika, na jambo hili linafuata damu, daktari amesema. Kwa desturi angefundishwa na shangazi yake, dada ya Shafii. Nimekataa, na kelele zimepigwa, zimeisha. Nimesema atafundishwa na bibi yake wa Butembo.

Uje, Shangazi. Jamali atakupakia mbele, magoti yako yapate nafasi. Ukae naye chumbani, mfunge mlango, umfundishe yote kama ulivyonifundisha mimi. Ila usianze na kuoga. Anza na lile benchi.

Mwanao,
Rachida